Goti na Gia ya Tatu

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye leseni, na humo ndimo lilimozeekea. Kuanzia machimbo ya mchanga mpaka stendi ya malori watu walimwita Goti, naye hakuwahi kulikataa jina hilo, kwa sababu alilipata kwa jasho. Kuna watu wamepewa majina kwa unene wao, wengine kwa domo lao. Yeye alipewa kwa kazi ya goti lake la kushoto, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa sehemu ya giaboksi ya lori lake, tena sehemu pekee iliyokuwa nzima.

Maana lori lenyewe, tuambizane ukweli, lilikuwa na vituko. Gia ya kwanza iliingia kwa kubembelezwa. Ya pili ilistaafu zamani bila kuaga mtu. Ya tatu iliingia vizuri, ila haikukaa: ukikanyaga mafuta tu inachomoka, lori linabaki huru kama ng'ombe aliyekata kamba, na kama uko mlimani, basi unarudi ulikotoka huku unatazama unakokwenda. Dawa yake ilikuwa goti. Ukishaitia ya tatu, unaibana fimbo ya gia kwa goti la kushoto, unaisukuma mbele kwa nguvu zako zote, na unabaki umejikunja hivyo mpaka kileleni. Kuruka kutoka ya kwanza mpaka ya tatu nako kulikuwa na siri yake: unaiacha injini ipige kelele, unaisubiri ikohoe, na katikati ya kikohozi hicho unapenyeza. Ukiwahi, inasaga meno. Ukichelewa, inakataa na kukaa kimya kama mtoto aliyenuna.

Goti aliyajua yote hayo kama mtu anavyojua njia ya kwenda chooni kwake gizani. Lori alilipa jina la Mama Mkwe, kwa kuwa, alisema, huwezi kumharakisha, huwezi kumfokea, na ukimzoea sana atakuaibisha mbele za watu. Mama mkwe wake wa kweli alizipata habari hizo na akacheka, jambo lililomtia Goti wasiwasi kuliko kama angekasirika.

Uwanja wake wa sifa ulikuwa Kilima cha Zahanati. Mama Mkwe akiwa na mchanga tele mgongoni alikipanda kwa mngurumo uliotangulia mbele yake kama tarumbeta. Wauguzi wa zahanati walifunga madirisha. Kinyozi mwenye banda katikati ya mteremko aliondoa wembe kwenye shingo ya mteja na kusubiri. Muuza matunda wa kileleni aliyakumbatia machungwa yake yasiporomoke. Na Goti huyo hapo: mkono mmoja kwenye usukani, wa pili dirishani ukisalimia kama wa mheshimiwa, goti kazini. Hakupita bila kutazamwa. Wapo wanaoridhika na kula, kuvaa na kulala. Goti alihitaji na hicho kilima.

Goti likizoea kazi halijui likizo. Mezani lilibana mguu wa meza, sahani zikahamia upande wa mkewe zenyewe. Msibani, harusini au kwenye benchi la baraza la mtaa, popote alipokaa, aliyekaa mbele yake aligeuka kuuliza kuna nini. Na usiku akiota mlima, mkewe aliamka na alama pajani.

Mkewe huyo alikuwa na yadi ya matofali nyuma ya nyumba, na kila mtu aliyejenga mtaani alipita kwake. Lori walilinunua pamoja, yeye akitafuta wateja, mumewe akileta mchanga. Mpango mzuri, isipokuwa kwamba dunia nzima haikuwa na mtu mwingine wa kuliendesha. Mwaka fulani Goti alishikwa na homa, na lori nalo likalala. Waashi walikuja mmoja mmoja kumjulia hali, wakakaa ukingoni mwa kitanda, wakauliza kwa upole ataamka lini maana nyumba ya fulani imeishia kwenye madirisha. Goti hakuwahi kuugua kwa heshima namna ile. Alipona polepole sana.

Halafu binti yao akarudi nyumbani. Alikuwa ameajiriwa na kampuni ya barabara, akiendesha boza la maji, na barabara ilipokwisha na ajira ikaisha. Alikuwa na leseni ya magari makubwa, mkono mtulivu na tabia ya kuongea kidogo, ambayo hakuirithi kwa baba. Siku moja baba yake alimkabidhi funguo mbele ya watu, akamwonya kwamba Mama Mkwe hapendi kusukumwa, akapanda kando yake, kwa ukarimu wote wa mtu anayejua kitakachotokea. Gia ya tatu iliruka katikati ya Kilima cha Zahanati. Lori lilirudi nyuma mpaka hatua chache kutoka kwenye banda la kinyozi, kinyozi akatoka mbio na mkasi, mteja akamfuata na nusu ya nywele. Binti alikanyaga breki kwa utulivu, akashuka, akampa baba yake funguo.

"Baba," alisema, "hili lori si bovu tu. Limefundishwa ubovu."

Goti aliirudia habari ya kinyozi pale stendi mpaka wenzake wakaijua kwa moyo. Hilo neno la mwisho la binti alilisahau kila mara.

Basi siku ya siku ikafika. Mama Mkwe alikuwa amepakia mchanga mpaka juu, kilima kimeanza, wauguzi wameshafunga madirisha. Goti akaisubiri injini ikohoe, akapenyeza ya tatu, akaleta goti. Ndani ya giaboksi kukasikika mlio kama sufuria zinazoporomoka ngazini, moja baada ya nyingine, hadi kifuniko cha mwisho. Kisha kimya. Fimbo ya gia ikaanza kuzunguka ovyo kama kijiko ndani ya uji. Goti alisukuma kwa goti, akasukuma tena, akambembeleza Mama Mkwe kwa majina ambayo mkewe hajawahi kuitwa. Hakuna. Kinyozi, ambaye tangu siku ile alikuwa ameweka jiwe kubwa mlangoni kwa ajili ya dharura, alilibeba bila kuulizwa na kulisukumiza nyuma ya tairi.

Walilivuta mpaka gareji. Fundi wa pale alikuwa mtu mnene wa kujisifu, aliyesikiliza injini kwa kuweka bisibisi ndefu sikioni na kufumba macho, akafumbua baadaye kama aliyetoka kuongea na mizimu. Akafungulia oili ya giaboksi ndani ya beseni. Ilitoka inameremeta kama rangi ya kucha.

"Hayo yanayong'aa ni meno," fundi alimwambia mke wa Goti, aliyekuja na kanga begani na daftari la wateja kwapani. "Shemeji, lori lako limekuwa likijitafuna."

Aliwapa njia mbili. Ya kwanza, kuitengeneza giaboksi hiyohiyo: kuifungua yote, kubadilisha beringi, shafti, meno ya gia ya pili na ya tatu, na kila kilicholika. Ya pili, kuiweka kando na kufunga nyingine nzima, ya mtumba, iliyotolewa kwenye lori la aina hiyohiyo lililopata ajali. Iko kwa muuza vipuri wa mtaa wa pili, yeye ameiona kwa macho. Ushauri wake ulikuwa hiyo ya pili. Kutengeneza anaweza, lakini mwisho wake mtakuwa mmenunua giaboksi nzima kwa vipande, na mmesubiri kama wanaosubiri mtoto azaliwe.

Mke wa Goti akakubali pale pale. Goti akakataa pale pale. Fundi akaenda kunawa mikono, maana alijua ndoa haina vipuri.

Sasa, sababu alizozitoa Goti zilikuwa nyingi na nzuri, na ungezisikia ungemwona mtu wa busara. Alisema mtu akiumwa jino hang'olewi kichwa. Alisema chuma cha zamani ni chuma, cha siku hizi ni debe lililopakwa rangi. Alisema giaboksi ya mtumba ni kama mke wa mtu: hujui ilizoea mkono wa nani, na siku moja itakuita kwa jina la mwenzio. Wote watatu, yeye, mkewe na binti, walikuwa wameketi mezani kwa chakula cha mchana, na meza ilikuwa inasogea polepole kuelekea ukutani.

"Kuhusu mtumba," mkewe alisema, akiizuia meza kwa kiganja, "mimi nilikuchukua umeshaachwa na mchumba, na mpaka leo unatembea."

Binti aliinamia sahani. Goti akasema hayo hayafanani.

"Hayafanani kweli," mkewe akajibu. "Giaboksi ina dhamana."

Ile sababu yenyewe hakuitoa. Mficha uchi hazai, lakini Goti hakuwa anatafuta mtoto. Sababu ilikuwa imekaa mbele yake ikila taratibu, yenye leseni ya magari makubwa. Ukiweka giaboksi isiyo na tabia, gia zikaingia zote kama watoto wa shule kwenye mstari, basi Mama Mkwe ataendeshwa na yeyote. Binti ataliendesha. Shemeji yake mvivu ataliendesha. Hata kinyozi, Mungu apishe mbali. Na siku Goti atakaposhikwa na homa, lori litapita nje likipeleka mchanga, na hakuna mwashi atakayekuja kukaa ukingoni mwa kitanda. Wanaume wengine hulinda kiti chao kwa kuwa bora. Goti alikuwa amegundua njia ya mkato: kuwa na kiti ambacho hakikaliki.

Akaomba nafasi ya kwenda kuikagua hiyo giaboksi ya mtumba mwenyewe, kwa haki, alisema, asije akaonekana mbishi. Muuza vipuri alimwonyesha, imelala juu ya mbao kama kondoo. Goti aliinusa. Aliigonga kwa ufunguo wa lori na kutega sikio. Aliingiza gia zote kwa mkono, moja baada ya nyingine, na zote ziliingia kwa sauti ndogo tamu iliyomkata maini. Hakuona kasoro hata ya kusingizia. Alirudi nyumbani akasema ina harufu ya mikosi.

Mkewe hakuwa mtu wa kubishana mara mbili juu ya jambo moja. Aliweka daftari lake mezani na kutoa hukumu. Fundi ndiye anayejua. Kama fundi ataapa mbele yake kwamba ya zamani itapona na haitarudi gareji, basi itengenezwe, yeye atawaambia wateja wavumilie. Akisita hata kidogo, wanabadilisha kesho.

"Ninachotaka mimi," alimalizia, "ni lori linalotembea hata wewe ukiwa na homa."

Goti akamwangalia. Hakujua kama amesema hivyo kwa bahati au kwa kujua. Baada ya ndoa ndefu mambo hayo mawili hufanana.

Kazi ikawa moja: fundi aape. Na hapa ndipo Goti alipoonyesha akili yake yote, ambayo ilikuwa ya kutosha kumwingiza mahali na si kumtoa. Alimkuta fundi amekaa juu ya tairi akipiga soga, akajivuta karibu, akaguna. Fundi akauliza kuna nini. Hakuna, Goti akasema, ni maneno ya watu tu. Maneno gani? Basi, yasimsumbue. Fundi akainuka kwenye tairi. Ndipo Goti, kwa huzuni nyingi, akamweleza kwamba kule kwa muuza vipuri wamecheka. Wamesema fundi huyu zamani alikuwa simba, akifungua giaboksi na kuifunga amefumba macho, lakini siku hizi anajua kutoa na kuweka tu, ya ndani kasahau, ndiyo maana kila mteja anamwambia kanunue nyingine.

Muuza vipuri hakuwa amesema neno hilo. Ila alikuwa na uso wa mtu ambaye angeweza kulisema.

Fundi alivimba shingo. Alimfuata mke wa Goti mpaka yadini, akasimama kati ya matofali mabichi, akaapa kwa marehemu mama yake kwamba giaboksi ile ataitengeneza yeye mwenyewe kwa mikono yake, na ikirudi gareji atafunga gareji. Mke wa Goti alimsikiliza, akamtazama mumewe aliyekuwa anajishughulisha na kuangalia mawingu, akasema haya, atengeneze.

Goti alitembea kama bwana harusi. Lakini hakuwa mjinga kabisa. Alijua kutengeneza kuna viwango. Alichotaka ni giaboksi itembee, siyo ipone. Akarudi gareji siku fundi alipoifungua, vipande vimepangwa juu ya gunia, akainama akamnong'oneza: ya pili, kama itasumbua, aiache ilale. Na ile ya tatu asiiguse sana. Ameizoea.

Fundi aliweka spana chini. "Usiiguse? Unadhani siiwezi?"

Goti akasema hapana, hajasema hivyo.

"Ya tatu ndiyo nitaanza nayo," fundi akasema.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hesabu zote za Goti zilitegemea hayo maji. Hakuna aliyemwambia kwamba mgema akitukanwa huleta tembo kali. Fundi alifanya kazi kama anayejenga kaburi la mfalme. Alibadilisha beringi zote, hata zile ambazo zingeweza kusubiri. Alibadilisha meno, akabadilisha uma unaosukuma gia ya tatu, ambao ndio uliokuwa umelika tangu mwanzo na kumpa Goti umaarufu. Kila jioni Goti alipita, akaona chuma kipya, akarudi nyumbani amenywea. Mkewe alimuuliza kama kazi inaendelea. Inaendelea, alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Siku ya kulijaribu lori gareji ilijaa watu. Fundi alikuwa amewaita mwenyewe, pamoja na muuza vipuri, ambaye hakuelewa kwa nini anatazamwa kwa dharau namna ile. Mke alikuja. Binti alikuja. Madereva wa stendi walikaa kwenye ukuta. Goti akapanda, akajipangusa kiti, akatoa mkono dirishani kusalimia kama kawaida yake.

Ya kwanza iliingia bila kubembelezwa, na yeye alikuwa ameshaanza kubembeleza, kwa hiyo lori liliruka mbele kama mbuzi. Akacheka, watu wakacheka. Akaiacha injini ipige kelele, akasubiri ikohoe. Haikukohoa. Ilipiga kelele tu, juu zaidi, mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta, na yeye bado anasubiri. Mwishowe akapenyeza ya tatu kwa kukadiria. Ikaingia laini. Na goti, goti mwaminifu la miaka yote hiyo, likaja lenyewe, likaibana fimbo kwa nguvu zake zote.

Lori lilikuwa na mwendo wa kobe, na ya tatu haivuti mwendo wa kobe. Injini ikazimika. Akawasha, akaanza upya, goti likawahi kabla ya mkono, fimbo ikakwama kati ya gia mbili, kukatoka mlio wa chuma uliomfanya fundi ashike kichwa. Akazimisha tena. Mara iliyofuata alishindwa kuitoa ya tatu kabisa, kwa kuwa mkono ulikuwa unaivuta nyuma na goti linaisukuma mbele, mtu mmoja anagombana na nafsi yake ndani ya kibanda cha lori, na umma wote unaangalia.

Akateremka, amelowa jasho. "Umeniharibia lori langu," akamwambia fundi.

"Lori limepona," fundi akajibu. "Sasa anayeumwa ni dereva."

Kwenye ukuta wa madereva kulikuwa na kimya kile kibaya cha watu wanaohifadhi kicheko kwa matumizi ya baadaye. Mke wa Goti hakucheka. Alimnyooshea binti kidole kuelekea kwenye lori, bila kusema neno. Binti akapanda upande wa usukani, akasubiri. Alisubiri mpaka baba yake akazunguka upande wa pili, akapanda naye. Kisha ya kwanza, ya pili, ya tatu, wakatoka getini taratibu kama mafuta kwenye kikaango. Goti alikaa ametazama mbele. Goti lake la kushoto lilibana mlango tangu gareji mpaka nyumbani, na mlango, kwa kuwa haukuwa gia, haukuonyesha shukrani yoyote.

Usiku ule hakuota mlima. Asubuhi mkewe alimkuta amekaa nyuma kwenye rundo la matofali, akakaa naye. Alimwambia kwamba alijua tangu siku ya kwanza. Goti akauliza amejua nini.

"Kwamba hulilii lori," alisema. "Unalilia kiti."

Mkewe akaendelea, bila ukali, kwamba yeye hagawi viti. Lori litaendeshwa na anayeliweza. Akiliweza mumewe, aliendeshe. Wakiliweza wawili, wapokezane, na wote wawili wataweza kuugua kwa zamu. Akaondoka kwenda kumwagilia matofali, akamwacha mumewe na habari ambayo hakuna mwanamume wa umri wake anayependa kuipokea: kwamba itabidi ajifunze kuendesha gari.

Alijifunza alfajiri, yadini, nyuma ya matofali yaliyopangwa juu kuliko kichwa cha mtu yeyote wa stendi. Mwalimu alikuwa binti. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukata kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli na kulifunga lile goti, ncha ya pili akaifunga kwenye chuma cha chini ya usukani. Goti likitaka kwenda kwenye fimbo, mpira unalirudisha. Goti mwenyewe aliona ni dhuluma. Akasema hata mbuzi hafungwi hivyo.

"Mama Mkwe hapendi kusukumwa, baba," binti akamwambia. Yalikuwa maneno ya baba mwenyewe, aliyomwambia siku ya kinyozi.

Ilikuwa kazi chafu. Masikio yalisubiri kikohozi ambacho hakikuja. Gia ya pili, ambayo hakuwa ameiona tangu binti huyo akiwa anatambaa, kila mara aliipita bila kuisalimia, na binti kila mara akamrudisha: ya pili, baba. Ipo. Alimkaripia mara moja tu, tena kwa sauti ya mama yake, na Goti akaomba radhi kabla hajakumbuka kwamba yeye ndiye mzazi. Stendini, wakati huo, alieleza kwamba amempa binti lori kwa muda ili apate uzoefu. Wenzake wakaitikia kwa adabu zote. Mmoja akauliza kama huo mpira anaofungwa gotini alfajiri ni wa baridi yabisi.

Halafu asubuhi moja mpira ulikatika, uchakavu tu, na hakuna aliyegundua mpaka walipomaliza kuzunguka yadi. Goti lilikuwa limetulia mahali pake kama goti la mtu yeyote. Binti aliutazama mpira uliokatika, akautupa dirishani, akasema leo twende machimboni.

Walipakia mchanga mpaka juu. Goti alikaa kwenye kiti chake, binti kando yake, akaiweka sawa kola ya shati kama kijana anayekwenda kuchumbia. Kilima cha Zahanati hicho hapo. Aliingiza ya pili. Ikaingia. Akaingiza ya tatu, mkono ukaiacha, goti likabaki limekaa. Mama Mkwe akapanda, mzito na mpole, akinong'ona. Hakuwahi kukipanda kilima kile vizuri namna ile. Hakuna dereva aliyewahi. Goti akatoa mkono dirishani.

Kinyozi alikuwa amewapa mgongo, wembe shingoni mwa mteja, haukuinuka. Madirisha ya zahanati yalikuwa wazi yote, na muuguzi mmoja alikuwa ameegemea mojawapo akichana nywele, akitazama upande mwingine. Watoto wa shule waliopita kando ya barabara waliendelea na ubishi wao. Mkono wa Goti ulibaki nje ukisalimia kuta na miti, ukaanza kuchoka.

Kileleni akasimama mbele ya muuza matunda, injini ikiwaka, akamwuliza kazi inaendaje. Muuza matunda akainua kichwa, akashtuka kidogo kuona lori zima mbele yake.

"Pole sana, kaka," akasema. "Nilisikia Mama Mkwe alikufa. Ni kweli, maana sijamsikia tena. Hili jipya umelitoa wapi?"

Goti alitazama machungwa, yamejipanga piramidi bila kukumbatiwa na mtu. Kisha akaweka kiganja katikati ya usukani, akapiga honi, ndefu, ya mtu aliyekusudia, mpaka kinyozi chini kule akatoka na wembe, na madirisha ya zahanati yakaanza kufungwa moja moja.

"Baba, hapa ni mahali pa wagonjwa," binti akasema.

"Najua," Goti akajibu. "Nao wana haki ya kupata habari."

Akatoa mkono dirishani, akawasalimia wote, na lori likaondoka. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikaingia, ikakaa, wala haikumwomba kitu.